Bila Kugusa Hata Koma

Msomi hakuwahi kumaliza kitabu maishani mwake, lakini hakuonekana mjini bila kitabu kwapani, kama mgonjwa na kipimajoto. Siku hiyo alikuwa kwa kinyozi, povu shavuni, aliposikia redioni kwamba televisheni ya serikali inatafuta riwaya za kugeuzwa filamu, na atakayeleta riwaya nzuri atapewa gari la kazi. Msomi akanyanyuka na povu lake.

Kwa muuza vitabu wa kando ya barabara akachagua riwaya yenye picha ya bwana mnene mwenye suti. Hakuifungua. Aifungue ya nini?

Mkuu wa televisheni alimpokea ofisini kwenye baridi ya kiyoyozi. Huyu Mkuu zamani aliongoza hospitali, dawa zikaota miguu, wagonjwa wakafia kwenye mabenchi ya foleni. Wakubwa wenzake wakamwadhibu vikali: wakampa ofisi kubwa zaidi.

"Mheshimiwa," Msomi akaanza, "riwaya zetu zinachinjwa. Mtu anaandika msiba, filamu inatoka harusi! Hii tuifuate ilivyo, bila kugusa hata koma. Na mhusika wake mkuu, nikikutazama, ni wewe mtupu."

"Mimi?" Mkuu akavuta tumbo ndani. "Ana suti?"

"Mwanzo hadi mwisho."

"Basi nitacheza mwenyewe. Na irushwe moja kwa moja, nchi nzima inione! Gari utalichukua tukimaliza onyesho la kwanza."

Lilikuwa jipya, viti bado vimevaa nailoni. Msomi alikwishalipatia mnunuzi.

Ikabaki saini ya mtunzi. Alikuwa nesi mstaafu; Msomi akamkuta uani akifua mashuka. Riwaya yake ya kwanza waliwahi kuitengenezea filamu: marehemu wake wote wakafufuka, wakacheza muziki. Tangu hapo alikuwa akiwafukuza watu wa filamu kwa maji ya sabuni.

"Hii umeisoma, mwanangu?"

"Mama, nililia mpaka mwisho."

"Mwisho watu wanacheka."

"Machozi ya kicheko, mama."

Nesi akakamua shuka kama shingo ya mtu. "Na bwana wa suti atakuwa nani?"

Msomi akamtaja. Nesi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hospitali aliyoiandika ndiyo ile ile aliyoiongoza Mkuu. Kisha akaomba kalamu.

"Nasaini. Ila tuanze na sura ya mwisho. Na wewe ucheze dalali wa dawa. Una sura yake."

Wakakutana kwenye lango la hospitali: kamera, maikrofoni, umati, na gari la zawadi limeegeshwa pembeni. Kitabuni dalali anafungwa kwenye nguzo, na Msomi akakubali, maana ni onyesho moja tu, kisha gari. Manesi wastaafu wakamzungushia bandeji, na hao ni watu wanaojua kufunga.

Mkuu akapewa ukurasa wake. Hakuwa ameupitia, mkubwa husoma anachowekewa mbele. Akanguruma:

"Ndugu wananchi! Mimi niliongoza hospitali hii. Dawa za watoto wenu niliziuza, kwa mkono wa dalali huyu. Nanyi mliofiwa kwenye foleni..."

Akaukodolea macho ukurasa. Spika zikamrudishia sauti yake mwenyewe. Umati ukaangua kicheko, kicheko cha watu wenye makaburi.

"Malizia, Mheshimiwa!" Nesi akapaza sauti. "Nchi nzima inakuona!"

Mkuu akarukia lile gari jipya, akatoweka nalo, nailoni na vyote. Msidhani alikwenda jela. Wakubwa wenzake walimfanya balozi.

"Gari langu!" Msomi akalia. "Jamani nifungueni! Mimi si dalali wa kweli, mimi ni tapeli tu!"

"Tulia, mwanangu. Kitabuni hafunguliwi mpaka asikie yote." Nesi akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kumsomea kutoka sura ya kwanza.

Sura ya tatu ilipoisha akamwonea huruma, akaanza kulegeza fundo.

"Ngoja kwanza, mama," Msomi akasema, macho yamemtoka. "Yule mtoto wa kitanda cha dirishani... alipata dawa?"