Walimu Kumi na Wawili wa Shule Iliyofungwa

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa kumi na moja mimi ni naibu mwalimu mkuu. Ofisi yangu bado ni kile chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Lakini si kwa muda mrefu. Afisa elimu wa wilaya anastaafu Juni, na bodi imesema itampendelea mwenye shahada ya uzamivu ya uongozi wa elimu, au aliye karibu kuipata. Katika wilaya nzima, shahada hiyo tunaisoma wawili tu: mimi, na mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya reli, ambaye kila mtu anamwita Bibi Takwimu. Yeye ameshawasilisha sura tatu, zenye michoro ya rangi. Mimi nina jalada tu.

Profesa anayetusimamia anataka kutoka kwangu hojaji kumi na mbili zilizojazwa na walimu, kabla ya Ijumaa. Mada yangu ni mchango wa kiongozi katika mahudhurio ya walimu. Nilizigawa kwa walimu wangu saa nne. Saa tano zilirudi, tupu. Wakasema wana madaftari ya kusahihisha. Mwalimu wa jiografia akaongeza kwamba swali la sita, linalouliza kama kiongozi hupatikana ofisini, litamvunjia mtu heshima.

Sawa. Mwenye shoka hakosi kuni.

Jumanne, 4 Machi

Kuni zimepatikana. Katika orodha ya zamani ya wilaya kuna shule moja ya bondeni. Ilifungwa miaka tisa iliyopita, mto ulipokula barabara. Walimu wakatawanyika, wanafunzi wakahamishwa. Nani atabisha?

Mchana kutwa nimejaza fomu sebuleni. Fomu haiulizi jina, inauliza somo tu. Mwalimu wa hisabati nimemwandikia kwa mkono wa kushoto; mtu mkali, mpweke. Wa muziki nimempa herufi za duara. Wa sayansi, kwenye nafasi ya maoni mengine, ameandika: "Tunaomba chaki." Kumi na wawili, kila mmoja na mwandiko wake. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya namba ya simu. Nimebuni.

Mama watoto alisimamisha cherehani akaniuliza kama nimefungua duka la kalamu. Nikamjibu kwamba utafiti una mambo mengi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasilisha. Profesa, mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata siku moja, alizisoma zote kumi na mbili nikiwa nimekaa mbele yake. Kwenye ile ya hisabati alikawia. Akasema huyu anaonekana mtu anayehitaji kusikilizwa.

Bibi Takwimu alikuwa mlangoni na bahasha zake. Sura yake ilinipendeza: wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Machi

Jambo la ajabu. Profesa amenipigia saa tatu asubuhi. Anasema mwalimu wa hisabati wa bondeni amemtafuta kwenye simu, kulalamika kwamba swali la tisa limejibiwa vibaya. Fomu inasema amekosa kazini siku nne. Yeye hajakosa hata moja. "Hata ile siku ya mto," ndivyo alivyosema.

Nikajua papo hapo: Bibi Takwimu. Nikavuka reli kwa miguu hadi ofisini kwake. Nilimwambia mchezo wake nimeushtukia. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea kujumlisha. Akasema hana sauti ya kiume, na hana muda. Kisha, huku akipiga rula mstari, akaniambia kwamba yeye alikuwepo ofisini kwa Profesa simu ilipoita. Ilisikika mpaka alipokaa. Nyuma ya yule mwalimu kulikuwa na darasa zima likikariri jedwali la kuzidisha la saba.

Jedwali la saba, kwenye shule iliyofungwa miaka tisa. Nimekunywa maji glasi tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kuhakikisha. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alinipeleka kwa pikipiki yake. Barabara ilipokatika, shule ikionekana kwa chini, akazima injini, akasema atanisubiri palepale, mguu hapeleki mbele.

Saa sita mchana, jua kali. Mapaa hakuna. Majani yamenifika kifuani. Lakini kutoka getini hadi chumba cha walimu kuna njia iliyofagiliwa, alama za ufagio bado mbichi. Ndani, viti kumi na viwili. Kwenye ubao wa matangazo, karatasi moja: "Tunaomba chaki."

Kitabu cha mahudhurio kilikuwa wazi mezani. Tarehe ya leo. Sahihi kumi na mbili, kwa miandiko kumi na miwili, na yote naijua, maana yote ni yangu. Wa muziki na maduara yake. Wa hisabati, wa kwanza kufika, saa moja kasoro, kwa mkono wa kushoto.

Kiti kikavutwa nyuma yangu. Sauti ya upole ikasema, "Karibu, mwalimu. Umetuletea chaki?"

Sikugeuka. Nilitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye majani, nacho nimewaachia.

Shemeji nilimkuta amekunja uso. Akaniuliza nilikuwa nazungumza nini na watu muda wote ule pale barazani. Nikamwambia sikuzungumza na mtu. Akawasha pikipiki. Tulipofika lami ndipo akasema tena, bila kugeuka: "Shemeji, wale walimu wenzako. Mbona wote wanasimama kama wewe?"

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda kazini. Nimemweleza mama watoto kila kitu, tangu kalamu hadi kiatu. Hakucheka. Aliondoa nguo kwenye cherehani, akaikunja polepole, akakaa karibu nami.

"Baba watoto," akasema, "hao watu umewaita mwenyewe. Umewapa kazi, hukuwapa nyumba. Nenda kwa Profesa, sema kweli, akuchanie hizo karatasi wakapumzike."

Nilitaka kubisha. Lakini amesema kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Kesho nakwenda kukiri, cheo kiende kinakokwenda. Baada ya kuandika hayo nimejisikia mwepesi, mtu mwema kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Nilifika kwa Profesa saa mbili, maneno nimeyakariri. Sijafungua kinywa, akanipa mkono. Walimu wote kumi na wawili wamempigia kuthibitisha majibu yao. Katika miaka yake yote ya kusimamia hajaona watu waaminifu kiasi hicho. Bibi Takwimu aligawa fomu arobaini, zikarudi kumi na tisa. Profesa ataiandikia bodi barua ya kunisifu.

Akauliza, "Ulikuwa na neno?"

Nikasema nilipita kumsalimu tu.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema kuna jambo wote wamemuuliza, kila mmoja kwa wakati wake, na yeye hakujua la kuwajibu. Wanataka kujua ni lini nitawapa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Nikamwambia hilo ni suala zito la ustawi wa walimu na nitaliweka kwenye mapendekezo, sura ya tano.

Alihamishia macho dirishani. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama watoto ameniuliza kama nimesema kweli. Nimemjibu kwamba yaliyohitajika kusemwa yamesemwa. Amenitazama sana, akachukua watoto wakaenda kwa mama mkwe. Vizuri, nyumba imetulia, mtu anaweza kufanya kazi.

Kuna kazi. Profesa anasema tasnifu haitakamilika bila sauti ya wanafunzi. Hojaji thelathini. Watoto si kama walimu. Hawana simu za kupigia watu. Hatari hakuna.

Nimeanza na wa kwanza saa nane hii. Darasa la tano. Mpole, mwenye adabu, kila mara hubisha hodi kabla ya kuingia. Swali la kwanza, umri: miaka kumi na mmoja. Swali la pili, nani alikuonyesha njia ya shule: mwalimu wa hisabati.

Kuna mtu anabisha hodi mlangoni, taratibu, kwa adabu. Nimemwambia asubiri kidogo. Bado maswali kumi na nane sijamjazia.