Kiti Kisichoumiza

Wachuuzi wenzake walimwita Mtaalamu, kwa kuwa hakusomea lolote. Asubuhi hiyo alimwona mzee akija na baiskeli huku amesimama juu ya pedali, kwenye barabara tambarare, bila mlima wala haraka. Moyo ukamwambia riziki hiyo imejileta. Mtu mzima hasimami juu ya pedali hivi hivi. Huyo tako limemgomea.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole na neva."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Inaanzia takoni, inashuka pajani, inaishia kidole gumba. Ukilala, hujui ulalie upande gani."

Mzee, tarishi mstaafu aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne, aliguna. Mtaalamu akapigapiga kiti cha baiskeli yake mwenyewe, sifongo ya kochi bovu iliyoshonewa ngozi ya begi.

"Hiki kinatuliza neva. Nilikuwa sijiwezi mimi! Sasa naendesha kutwa nzima, sisikii kitu."

"Kutwa nzima?"

"Haki ya nani!"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Mzee alisema kununua atanunua, kiinua mgongo kipo, ila mwenye kauli ya mwisho ni dada yake, naye anakaa hapo mbele tu.

"Tupitie mashineni, unibebee na unga wake. Mimi daktari amenikataza mizigo. Wewe si husikii kitu?"

Gunia likafungwa kwenye keria ya Mtaalamu.

Sasa jamani, "hapo mbele tu" ya tarishi si ya kwangu wala ya kwako. Lami iliisha, yakaanza makorongo. Kila baada ya mwendo mfupi mzee alishuka, akashika nguzo, akavuta goti kifuani, akajinyoosha, akapanda tena. Mtaalamu angeshukaje? Asiyesikia kitu hapumziki.

"Vipi kiti?"

"Raha tupu," alijibu, machozi yakimlenga. Kufikia kilima cha tatu sifongo ilikuwa imekufa, na moto ulimshuka kutoka takoni hadi kidole gumba, vilevile alivyoueleza mwenyewe.

Walifika jua limepinda. Bibi mwenye miguu iliyovimba alijikokota hadi mlangoni, akaona unga, uso ukamchanua.

"Kaka yangu! Debe lilikuwa tupu tangu juzi. Na huyu wa leo anauza nini?"

"Kiti."

"Afadhali. Yule wa mafuta ya kuchua alilia njia nzima." Akamgeukia Mtaalamu. "Karibu ukae, mwanangu."

"Asante, mama. Nitasimama."

Mzee akamwonea huruma, maana maumivu hayo aliyajua. "Kiti sitaki. Lakini ukirudi, neva ikichoma, shuka, unyooke. Usione haya. Mimi ndivyo ninavyoishi nayo."

Mtaalamu alirudi mjini jioni, amesimama juu ya pedali kwenye barabara tambarare. Kwenye njia panda moja muuza mikanda ya kutuliza kiuno alimwona kwa mbali, akatabasamu.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole na neva."

Mtaalamu, aliyeijua hadithi hiyo neno kwa neno, alishuka taratibu, akashika tako, akauliza bei.