Vita vya Mayala na Betri ya Mwalimu Generoza

Sogeeni, enyi wana wa Bariadi, nanyi mliofika kutoka Maswa hata Mwanhuzi! Wekeni chini vikombe, mfukuzeni jogoo huyo mwenye kiherehere, mpate kusikia habari za Mayala mwana wa Ng'washi, Fahali wa Somanda, Mlinzi Asiyesinzia, aliyepigana na betri mchana kutwa pasipo kufumba jicho wala kuomba msaada wa kiumbe yeyote!

Mwalimu Generoza, mpangaji wa chumba cha uani, alikuwa akienda likizo kwao Bukoba. Betri ya kwanza ya laptop yake aliwahi kuiacha imejaa pomoni chini ya bati, na jua la Simiyu likaipika hata ikavimba kama andazi. Basi asubuhi ya safari, begi begani, akamwita shujaa na kumpa agano.

"Mayala, nisikilize. Laptop imejaa chaji. Itumie mpaka ifike nusu, halafu uchomoe betri, uiweke pakavu pasipo na joto. Usiijaze, usiimalize. Nikiikuta nzima, utaitumia kila jioni kuombea nafasi ya chuo. Ikivimba na hii, usinizoee."

"Mwalimu," akanena Mayala, kiganja kifuani, "mto Simiyu utarudi ulikotoka kabla mimi sijalala kazini!"

"Haya. Basi linaniacha."

Lakini tangu lini mtu wa mji huu akapigana kupunguza chaji? Sisi ambao umeme ukirudi tunakimbilia soketi kama ng'ombe walioona lambo! Hata hivyo Mayala aliketi juu ya kigoda, akaifunua kompyuta mpakato kama afunguaye lango la boma, akaiwasha filamu ya ngumi na kuupandisha mwanga wa kioo hadi mwisho. Chaji ikaanza kurudi nyuma. Tisini. Themanini. Adui alikuwa anahema.

Akaenda msalani, maana hata majemadari huenda msalani. Aliporudi alikuta waya mweusi umenyooshwa hadi ukutani, na chaji imefurika upya.

"Ni nani aliyetenda uhaini huu?" akanguruma.

"Mimi," akasema mama yake, Ng'washi, akipepeta mchele bila kuinua uso. "Umeme umerudi, nikachomeka."

"Mayu! Mwalimu amesema nusu!"

"Amesema kwa adabu tu, mgeni wa watu. Bakuli lake la senene lilipokuja hapa, lilirudi tupu?"

"Lilirudi na michembe ya viazi."

"Nusu?"

"Lilijaa, mayu."

"Basi. Leo nimrudishie chombo nusu, akatutangaze Bukoba kwamba tuna mkono wa birika?"

Hapo Mayala akasimama wima, akainua mikono juu, akahutubu: "Ewe mama uliyenibeba mgongoni ukipalilia pamba! Betri si bakuli! Ikishiba na kulazwa kwenye joto, huvimba tumbo ikafa!"

"Wewe unashiba na kulala kwenye joto kila siku. Umevimba?"

Shujaa akaona hoja hazitafaa, inafaa mbinu. Mama alipokwenda jikoni, aliichomoa chaja, akaizika kwenye lile lundo la pamba lililojaza sebule likingoja siku ya kupimwa na kuuzwa, akarudi uwanjani. Loo, alivyopigana! Bati lilialika kwa jua, jasho likamtiririka, chaji ikarudi hatua kwa hatua hadi ikapiga magoti kwenye hamsini, naye akaing'oa betri kama ang'oaye jino la simba. Akafikiri kuilaza katika pamba, kitanda cha kifalme. Lakini alipotia mkono alikuta joto la kuku anayeatamia. Ndipo akaibeba hadi ghala la mbegu, lile la udongo lililoezekwa nyasi, akailaza kikapuni, juu ya rafu kavu. Humo imekaa likizo nzima, na leo imetoka bapa kama ilivyoingia! Barabara ya Malambo na ipewe jina lake! Watoto wa shule na waimbe...

Msimulizi alikuwa akivuta pumzi aongeze sifa, mbele ya Mwalimu Generoza aliyerudi asubuhi hiyo na kuipakata laptop yake, ndipo Milembe, dada yake mdogo aliyekuwa akimimina chai, akaangua kicheko.

"Kaka Mayala, huyo shujaa si alikuwa anakoroma juu ya pamba? Mwalimu, mimi ndiye niliyemwekea mayu video ya harusi ya Rahel. Alipojiona anacheza, hakukumbuka chaja wala mchele. Tukatazama mpaka hamsini, nikachomoa betri nikaipeleka ghalani. Huyu aliamka na pamba nyweleni akiuliza nani kashinda."

"Na nilicheza vizuri," akasema Ng'washi.

Fahali wa Somanda akatazama vidole vya miguu yake.

Mwalimu Generoza akairudishia betri, akaiwasha laptop. Ikawaka. "Arobaini na nane. Safi sana. Milembe, jioni njoo na vyeti vyako tuombe chuo." Kisha akamgeukia msimulizi. "Na wewe, Mlinzi Asiyesinzia, lete chaja."

Mayala akageuza shingo kuelekea sebuleni. Sebule ilikuwa tupu kabisa, imefagiwa vizuri.

"Mayu," akauliza kwa sauti ndogo, "pamba ilipimwa lini?"

"Wiki iliyopita," akasema Ng'washi. "Si wewe uliyeipakia kwenye lori?"