Karatasi Nne za Yohana

Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa Farmuthi

Kazi nimepata mimi! Mimi Pekisi, siyo Horioni. Mzee Kopresi, kiongozi wa kanisa letu, kaniita nyumbani kwa Theoni, tunakosalia, kanikabidhi Injili ya Yohana niinakili yote. Ile ya zamani imeliwa na wadudu. Harusi ya Kana imebaki matundu matupu, divai yote imevuja.

Mpya itasomwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14. Ikipendeza, Barua za Paulo nazo ni zangu, na cheo cha mwandishi wa kanisa juu yake. Isipopendeza, vyote ni vya Horioni. Mwandishi mwenzangu huyo alikuwepo. Kanipa mkono, kasema nikikwama nimwite. Mnafiki! Ila mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo nalisema hapa tu, na sitalirudia.

Mama mkwe hakunipongeza. Kasema nikiharibu kazi hii kaka yake atanitia kwenye orodha ya wachimba mifereji wa lazima, na kitanda changu kitahamia kwa mbuzi. Nyumba ni yake. Kaka ni wake. Mbuzi pia.

Kuanzia leo naweka shajara. Mtu akianza kupanda cheo, watoto wake watataka kujua alianzaje. Karatasi za mafunjo nilizopewa ni ishirini na sita, safi, laini. Nimeondoa nne. Mzee Kopresi hesabu hajui. Mpe vitunguu vitatu atakushukuru kwa vitano. Karatasi mbili nimempa Sarapa, yule mwandika malalamiko wa sokoni, kanipa mtungi wa bia na samaki wakavu. Mbili ndizo hizi. Nitaziandika upande mmoja tu. Upande wa nyuma nyuzi zimesimama wima, kalamu inakwaruza. Kwa Yohana nitavumilia. Kwa nafsi yangu, ya nini?

Mama mkwe amelala tayari. Anakoroma kama nyumbu aliyebebeshwa jiwe la kusagia.

Jumatano, tarehe 3

Kazi inakwenda! Kurasa kumi na nane. Herufi kubwa, zimeachana vizuri, hata mzee mwenye mtoto wa jicho atasoma. Besarioni, msomaji wetu, atafurahi. Besarioni ana sauti ya kutikisa dari, lakini husoma silabi kwa silabi. Neno analijua likishatoka mdomoni, na maana anaipata wenzake wakishaketi.

Mke wangu Didima kaziangalia kurasa akaniita mwandishi. Mbele ya mama yake! Nimekula samaki wawili.

Horioni kapita. Kauliza kama nimepima maneno ya Yohana kwa idadi ya kurasa kabla ya kushona. Kasema yeye hupima kwanza, kisha hukunja, kisha hushona, ndipo huandika. Nikamwambia kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kaondoka taratibu. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, tarehe 6

Nimekwisha.

Nieleze vizuri, watoto wangu wasije wakanidhania mjinga. Kitabu cha kanisani si gombo. Gombo likipungua unagundisha kipande mbele, unaendelea. Cha kwetu karatasi zote hulazwa moja juu ya nyingine, zikakunjwa katikati mara moja, zikashonwa kwenye mkunjo. Kwa hiyo ukiufikia uzi, umefika nusu. Uzi hauhongeki.

Leo nimefunua ukurasa nikaukuta uzi. Kwenye kitabu kile cha zamani, ukiufikia uzi Lazaro anakaribia kutoka kaburini. Mimi nimefika kwenye uzi Lazaro hajaugua hata mafua!

Zile karatasi nne, zikikunjwa, ni kurasa kumi na sita. Kumi na sita! Nimekimbia kwa Sarapa kuzidai mbili zangu. Moja ina malalamiko ya punda aliyeibwa. Ya pili ina malalamiko ya mtu aliyesingiziwa kuiba punda huyohuyo. Bia sikuweza kumrudishia, bia iko wapi?

Nimekaa kizingitini nikawaza habari ya mbuzi.

Jumatatu, tarehe 8

Dawa imepatikana. Kuandika kwa kubana! Nilikuwa naweka mistari kumi na minane kila ukurasa, sasa thelathini. Didima kaangalia, kauliza kama nimemwaga ufuta.

Dawa ya pili ni kuruka. Yohana ni mtu wa maneno mengi, akisema jambo analirudia, akilirudia anakuuliza kama umesikia. Nani atakosa kisa kimoja? Nimemruka yule kipofu wa kuzaliwa. Kipofu ana kurasa nyingi kuliko watu wenye macho.

Jioni mama mkwe kataka nimsomee nilichoandika. Hajui hata alfa, lakini hutaka kusomewa akichambua dengu. Nikasoma kwa mwendo wa kasi. Kaacha kuchambua.

"Baba, yule kipofu umemwacha wapi?" kaniuliza.

Nikasema yuko mbele. Akasema hayuko mbele, yuko hapo hapo, kabla ya mchungaji na zizi la kondoo. Tope lilipakwa machoni, akaenda kunawa, majirani wakabishana kama ni yeye. Kawataja hadi wazazi wake walioogopa kusema. Kasema mama yake alikufa kipofu, na alikuwa akisomewa hapo kila Jumapili, na kila Jumapili aliuliza kama maji yale yako mbali.

Niliona haya. Kweli, niliona haya kwa muda mrefu, mpaka dengu zikaiva.

Nimemrudisha kipofu. Kanilia kurasa tatu.

Alhamisi, tarehe 11

Mkono umekufa ganzi. Mistari thelathini na saba. Pilato nimemsimamisha pembezoni, katikati hapakuwa na nafasi. Nimebakiwa na ukurasa mmoja, na kazi iliyobaki ni wavu, samaki, moto wa makaa na Petro kuulizwa mara tatu. Angeulizwa mara moja ningepona.

Horioni kaja. Kakiangalia kitabu, kafunua mwanzo, kafunua mwisho. Hakucheka. Katoa kwenye mfuko wake karatasi mbili nyeupe, zake mwenyewe, kasema zinaweza kushonwa nyuma na hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili.

Watoto wangu, hapo palikuwa na mlango wazi. Nikamwambia asante, karatasi ninazo za kumwaga.

Kwa nini nilisema hivyo? Didima alikuwa anasikiliza. Ndiyo maana.

Ijumaa, tarehe 12

Mfungo leo. Njaa huleta akili. Karatasi ninazo kweli! Hizi ninazoandikia! Upande wa mbele una shajara, upande wa nyuma ni safi. Nikizikata katikati napata vipande vinne. Nikigundisha viwili viwili, shajara kwa shajara, uso kwa uso, napata majani mawili manene, safi huku na huku, ya kushona mwishoni. Kurasa nne! Petro ataulizwa hata mara kumi akitaka. Na siri zangu zitakaa ndani ya Yohana mpaka kiyama.

Unga wa gundi mama mkwe kaufungia, ni mfungo. Nitatumia uji wa dengu wa jana. Uji wa dengu ukikauka kwenye bakuli hautoki hata kwa kisu, kila mwoshaji vyombo anajua.

Haya, kwaheri shajara. Kuanzia kesho naandika kwenye vigae.

Jumapili, tarehe 14. Pasaka. Kigae cha kwanza, cha mtungi wa bia

Nyumba ya Theoni ilijaa mpaka ngazini. Mama mkwe mbele upande wa wanawake, kitambaa kipya kichwani. Kawaambia majirani, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba mwandishi ni mkwe wake. Mkwe wake! Miaka sita hajawahi kulitamka neno hilo bila kusonya.

Besarioni kasoma kutoka pale kaburi lilipokutwa wazi. Herufi zilikuwa ndogo, akainama hadi ndevu zikafagia ukurasa, lakini kasoma. Kaja kwenye wavu. Kaja kwenye samaki. Mji wetu unapenda samaki, watu wakatabasamu. Kafunua jani. Kaona nene. Kalipima kwa vidole. Mtu mwema huyu, akadhani kurasa mbili zimeshikana. Akalamba kidole, akaingiza kucha, akazitenganisha kwa heshima kubwa.

Uji wa dengu ukaachia kama ganda la kitunguu.

Kigae cha pili

Besarioni akaendelea, silabi kwa silabi, kwa sauti ileile ya kutikisa dari. Ka-zi ni-me-pa-ta mi-mi. Watu wakadhani ni Petro. Mimi Pekisi, siyo Horioni. Watu wakageuka. Sauti ya Besarioni ikapanda kwenye mnafiki, ikashuka, ikapanda tena kwenye mbuzi. Nilimpungia mkono aache. Akadhani nambariki.

Alipofika kwenye vitunguu vitatu, maana ikamfikia. Akaacha kusoma. Mzee Kopresi akafumba macho.

"Ndugu Besarioni, endelea," akasema. "Nataka kusikia kama najua kuhesabu."

Akasoma yote, na jani la pili nalo likaachia. Karatasi nne, bia, Sarapa, nyumbu na jiwe la kusagia. Hapo kwenye nyumbu kuna mwanamke alicheka hadi akatolewa nje. Mama mkwe hakugeuka. Aliangalia mbele, kitambaa kipya kimetulia. Kisha kipofu, na aibu yangu, na maji kama yako mbali. Watu wakaacha kucheka. Kisha Horioni na karatasi zake mbili, na lile la mwandiko wake. Nilimwona kainamisha kichwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya mji wetu ni mchanga, haipasuki.

Kigae cha tatu, kimevunjika pembeni

Hukumu. Barua za Paulo ni za Horioni, na cheo ni chake. Mimi nitainakili Injili yote upya, bila ujira, na Horioni ataleta karatasi na kuzihesabu kila jioni. Majani yangu manne nimerudishiwa, yananuka dengu. Kabla ya yote, kuanzia kesho, siku tano kwenye mfereji. Orodha ilikuwa tayari. Kaka mtu alikuja kanisani nayo kifuani, na huyo si hata Mkristo.

Nje mlangoni mama mkwe kanisubiri. Nilifikiri atanizaba kofi. Kasema, "Siku za mwizi ni arobaini, baba. Mungu kakuhurumia, kakufupishia." Kisha kasema kipofu nilimwandika vizuri, alisikia leo asubuhi wakati Besarioni anajaribu sauti. Kisha kanionyesha njia ya zizi la mbuzi.

Jumamosi, tarehe 20

Nimerudi kutoka mferejini. Malengelenge mikono yote miwili. Nimeinua tope ambalo lingetosha kujenga mji mwingine, na mji huo ningeukimbia pia. Nalala na mbuzi. Didima huniletea mkate wa shayiri na kukaa nami kidogo. Kasema nimebadilika. Ni kweli. Mimi ni mtu mwingine kabisa. Nimetubu kwa jasho.

Horioni kaleta karatasi jana. Ishirini na sita, zimefungwa kwa kamba. Kazihesabu mbele yangu, kazihesabu tena mbele ya mama mkwe. Na kesho atazihesabu, na keshokutwa. Ila kwa pembeni kaniuliza nilimwandikaje yule kipofu, anataka kuona nafasi nilizoacha. Mtu mzuri, Horioni. Nilimkosea. Nimemwambia hivyo, mbuzi ni mashahidi.

Lakini nimegundua jambo. Anahesabu. Hapimi! Ukikata ukanda wa vidole viwili chini ya kila karatasi, karatasi zinabaki ishirini na sita. Hesabu ileile! Kanda zikigundishwa, kwa gundi ya ngano safari hii, nimejifunza, unapata karatasi ndefu, nyeupe, nyembamba kama mshipi. Ndiyo hii ninayoandikia. Kila ukurasa utapungua mistari mitatu tu. Nani atakosa mistari mitatu? Yohana ni mtu wa Mungu, atajibana.

Tena nimelifikiria lile neno la mama mkwe. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi walinikamata ya kumi na nne. Zimebaki ishirini na sita, na karatasi ni ishirini na sita. Kama hiyo si ishara, basi ishara sizijui.