Jina la Bogado Chini ya Slaidi

Jumatatu, 12 Januari
Kumekucha! Don Crispín, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa, anatafuta mkuu wa mauzo. Ijumaa mimi na Bogado tutawasilisha mipango mbele yake. Mshindi anapata cheo na ofisi yenye kiyoyozi. Mimi sina mpango. Bogado anao, tena alikwenda kula akaacha kompyuta wazi. Nimenakili slaidi zote. Nimeomba pia nitangulie, ili yeye ndiye aonekane mwizi. Kichwa changu hiki!

Jumanne, 13 Januari
Balaa. Chini ya kila slaidi pameandikwa "Eulalio Bogado". Nabofya, halishikiki. Nafuta, limekaa. Nimelifunika kwa kisanduku cheupe, lakini slaidi ni za kijani, kwa hiyo zote zikawa na viraka. Nimekiondoa, nikaandika jina langu pembeni ya lake. Tunasomeka kama maharusi.

Jumatano, 14 Januari
Tereré, chai yetu ya baridi ya kunywa kwa zamu kikombe kimoja, ilipokuwa ikizunguka uani nilimuuliza Ña Nidia, katibu muhtasi, jinsi ya kufuta jina kwenye slaidi, eti kwa niaba ya binamu yangu. Akacheka. Akasema huyo binamu afungue slaidi mama, ile inayoongoza zote, maana jina limeandikwa huko, kisha... Mimi, nifundishwe kompyuta na Nidia? Nikamkatiza kwa kejeli, "Asante."
Mjinga mimi! Kwenye tereré ukisema asante umetosheka. Kikombe kikanipita, na maelezo yakanipita. Joto lote hili, natazama wenzangu wakinyonya mrija. Kuomba tena? Thubutu.

Alhamisi, 15 Januari
Nimepata! Nimefupisha miguu ya mbele ya meza ya projekta kwa msumeno. Sasa picha inateremka, na jina linaangukia nje ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea, kwenye ukuta mweusi. Halionekani kabisa. Kumbe tatizo lilikuwa la useremala.

Ijumaa, 16 Januari
Siku mbaya. Nilianza vizuri mno. Don Crispín, ambaye macho yake hayaoni mbali, alipendezwa na takwimu hata akavuta kiti mpaka ukutani. Jina likamkaa kwenye upara. Nikabadilisha slaidi. Likabaki. Nikamwomba asogee kidogo, akasema hapo anaona vizuri. Watu wakaanza kukohoa. Akageuka, akauliza wanasoma nini.
Bogado akasema kwa upole, "Jina langu, mzee. Liko kichwani kwako."
Don Crispín akajipangusa. Jina likahamia mkononi. Akalisogeza karibu na macho, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akanitazama. Cheo kimekwenda kwa Bogado. Mimi nimeambiwa nitengeneze meza. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 17 Januari
Bogado amekuja mezani kwangu na kompyuta yake. Hana kinyongo, jambo linaloniudhi zaidi. Akasema, "Ndugu yangu, si ungeniuliza tu? Unafungua slaidi mama, unafuta, basi." Akataka kunionyesha. Nikageukia dirishani. Mtu akipata cheo hujifanya mwalimu.
Lakini alipoitwa na Don Crispín aliiacha kompyuta kwangu. Nimenakili mpango wake wa mwezi ujao. Jina lipo chini, palepale, na safari hii siligusi. Jumatatu asubuhi naenda ofisi ya usajili kuuliza utaratibu wa mtu kubadili jina akaitwa Eulalio Bogado.