Routeur Iko Mahali pa Usalama

Butembo, Jumatano 21 Novemba 2012

Goma imeanguka jana mikononi mwa waasi. Mtaa mzima unafunga mizigo. Mimi nimenunua routeur, kidude cha kurusha intaneti hewani. Watu wakikimbia, mwenye akili anapanua biashara.

Nimeenda kuipokea mwenyewe, uwanja wa ndege wa Mavivi. Kurudi kutoka Beni kwa pikipiki, mvua njia nzima. Kofia ya pikipiki niliivalisha routeur. Kichwa kitapona.

Mpango: kibanda changu cha fotokopi, hapa chumba cha mbele cha nyumba, kitakuwa cha kwanza mtaani chenye intaneti isiyo na waya. Ng'ambo ya barabara Éliakim ana kompyuta tatu, zote zimefungwa kwa waya kama mbuzi. Nimeshamwahidi Mama kwamba Jumapili, baada ya ibada, atauona uso wa kaka yangu Jéthro aliye Kanada. Hajauona kwa miaka sita. Éliakim amejitolea kumwonyesha kwake, leo hii, bure. Nimekataa. Mama yangu hataketi kwenye benchi la Éliakim.

Alhamisi 22 Novemba

Fundi amefunga antena juu ya paa, ameshusha waya, nimechomeka. Taa za kijani! Mtandao nimeupa jina: ANANIE WA KWANZA. Ulifika hadi kwa Florentine anayekaanga mandazi pale kona. Éliakim alitoka nje, akasoma jina kwenye simu yake, akarudi ndani. Asubuhi nzuri sana.

Mchana uvumi: waporaji wako njiani. Mke wangu Orpa akakokota sanduku la bati alilokuja nalo siku ya arusi. Kila nyumba hapa ina lake: vitenge, diploma, sahani nzuri, yote ya kukimbia nayo. Nikaitazama routeur. Iko mezani peke yake, kama mtu asiye na ndugu. Nikatoboa tundu nyuma ya sanduku, nikapitisha waya, nikailaza katikati ya vitenge. Kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu. Sasa naweza kulala.

Ijumaa 23 Novemba

Mtandao umepotea. Namshuku Éliakim. Juzi ameezeka bati jipya, na bati jipya linavuta mawimbi ya watu.

Nimempigia fundi. Ameuliza routeur nimeiweka wapi. Nimejibu: mahali pa usalama. Akauliza tena, wapi hasa? Wakati wa vita swali kama hilo haliulizwi kwenye simu, na nilimwambia hivyo. Akashusha pumzi. Akasema basi iwe juu, mahali pa wazi. Mtu wa ajabu, lakini amesoma. Majirani wamenisaidia kupandisha sanduku juu ya kabati. Kabati limelia. Mtandao, hakuna.

Jumamosi 24 Novemba

Pasta Eliezer alipanda kiti, akaweka mikono juu ya sanduku. Aliomba kwa Kinande, kisha kwa Kifaransa, maana hatujui chombo hiki kinasikia lugha gani. Baada ya amina nilipanda na kompyuta, nikakaa juu ya sanduku. Alama moja ya mtandao! Maombi yanafanya kazi, ila kidogo. Kwa hiyo kesho Mama atakaa juu ya kabati. Orpa ameniuliza kama nina homa.

Jumapili 25 Novemba

Mama alifika na kitenge chake cha Pasaka, nywele zimesukwa upya. Alilitazama kabati, akanitazama mimi. Akasema, "Ananie, miye sitapanda kule. Miye siko kuku."

Nikalishusha sanduku. Mama akangoja, mikono mapajani, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kule Kanada Jéthro aliamka alfajiri kwa ajili yake. Éliakim alisimama mlangoni kwake akitutazama, na hilo ndilo liliniudhi. Niliona haya, sifichi.

Mvua ikaanza, na baridi. Orpa akaomba ufunguo amtolee Mama kitenge cha kujifunika. Akainua kifuniko. Jéthro akatokea. Mzima mzima, hadi meno!

"Jéthro, mwana wangu, umekonda. Banakupikia nini kule?"

Mama analia, anacheka. Jéthro anasema ana habari: amepata mtoto mwanaume, na jina wamempa...

Hapo nikaona watu wamejaa mlangoni, na sanduku liko wazi mbele ya macho yao. Nikalifunga haraka. Jéthro akaganda, mdomo wazi. Kisha hakuna Jéthro.

Mama hakunigombeza. Alijifunga kitenge vizuri, akavuka barabara kwenye matope, akaketi kwenye benchi la Éliakim.

Jioni Éliakim alikuja mwenyewe kunipa hongera. Mtoto anaitwa Ananie. Mtaa mzima ulijua kabla yangu, hata Florentine. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Jumatatu 26 Novemba

Nimechunguza, nimeelewa. Kosa ni la vitenge! Nguo nzito inaziba mawimbi. Orpa alikuwa hajatoa hata kimoja, amekishika tu, Jéthro akatokea. Éliakim anasema ni bati la sanduku. Wivu.

Nimeagiza sanduku jipya kwa mchomeleaji. Tupu, bila kitambaa hata kimoja ndani. Chuma kinene, kufuli mbili. Jumapili wajina wangu ataniona hapa, kwa amri ya Mungu. Mama nimemwalika. Amekubali upesi, na tayari amemwomba Éliakim amwekee nafasi kwenye benchi, sijui kwa nini.