Taya la Rengganis na Vyuma vya Saa Moja

Jumatatu, 6 Oktoba
Kwa heshima na taadhima nautangazia mji wote wa Garut: leo, wakati wa chakula cha mchana, taya la binti yangu limetoa mlio. Ka! Alikuwa anatafuna tango bichi. Imas, mke wangu, akaweka kijiko chini. Rengganis, miaka kumi na minne, akatushangaa. Mbona linalia tangu Idi, akasema, ila leo ndiyo mara ya kwanza Bapa, yaani mimi baba yake, amenyamaza mezani.

Jumanne, 7 Oktoba
Kituo cha afya. Daktari wa meno, dada mpole, kamgusa mbele ya masikio, kamwambia fungua, funga. Meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa, na kiungo cha taya kimechoka. Ale vyakula laini, kisha aende kwa daktari bingwa, mji wa Bandung. Vyuma vya meno? Baadaye, kiungo kikishatulia. Jumla miaka miwili.

Miwili! Alhamisi ya wiki ijayo ni mashindano ya wilaya ya kuimba pupuh, mashairi yetu ya jadi, na Rengganis ndiye sauti ya shule yake. Binti wa jirani yetu Haji Oman naye anashindana. Ana vyuma vyenye vipira vya waridi. Anatabasamu hata kwa kuku.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata! Cak Mukri, fundi meno kutoka kisiwa cha Madura, kibanda nyuma ya soko, mlangoni picha ya meno makubwa kuliko mlango. Wazee wote wa mtaa wanacheka kwa meno ya bandia aliyowatengenezea. Sasa anabandika na vyuma. Saa moja tu! Nikamuuliza kuhusu ule mlio. Akasema meno yakinyooka, Pak, taya litaenda wapi? Hoja nzito.

Rengganis akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Bapa wako ana hakika tangu hujazaliwa. Akachagua vipira vya zambarau, akabandikwa. Imas nimemwambia daktari amebadili mawazo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mambo safi. Rengganis amekuwa mtulivu sana. Anakula uji wa wali.

Jumapili, 12 Oktoba
Haji Oman kanisimamisha nje ya msikiti kuuliza habari za vyuma. Nikajibu kwa unyenyekevu: bingwa, Bandung. "Jumatano saa tatu nilikuona sokoni, Kang, na saa tano pia," akasema, akiniita Kang, kaka, kwa adabu zote. "Bandung ulikwenda kwa mabawa?" Watu wazima wanacheka hovyo siku hizi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mashindano. Rengganis alipatwa na mafua, hakuimba. Bahati mbaya.

Jumamosi, 18 Oktoba
Hakuwa na mafua.

Acha niandike ilivyokuwa. Aliitwa jina, akapanda jukwaani na kebaya yake ya kijani, blauzi ya sherehe. Akafungua kinywa. Kikakwama, upana wa kidole kimoja. Akajaribu tena. Nilisikia ule mlio nikiwa safu ya tatu, au nadhani nilisikia. Sauti ikatokea puani, mstari mmoja, kisha akashuka mwenyewe. Binti wa Haji Oman ndiye aliyemshika mkono. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta kiatu ambacho hakikupotea.

Na ile Ijumaa ya utulivu: aliniambia meno ya nyuma hayagusani tena na sikio linamuuma. Aliniomba tuviondoe. Jumamosi akaniomba tena. Nikamwambia subiri mpaka mashindano, utapendeza kwenye picha. Hilo sikuliandika.

Leo bingwa wa Bandung amevibandua. Gundi imeondoka na kipande cha jino. Hakunigombeza. Alizungumza na Imas tu, mimi kama kabati. Imas naye alisema neno moja kwenye ukumbi wa kusubiria: "Ungeniambia, Kang." Heri angepiga kelele. Rengganis, kuongea kunamuuma, akaandika kwenye simu akanionyesha: Bapa usilie, watu wanaangalia.

Nimejuta. Kweli nimejuta.

Amepewa kibao laini cha kuvaa mdomoni anapolala, miezi minane, ili taya lipumzike. Nimekaa nikapiga hesabu. Usiku peke yake, minane. Akikivaa na mchana pia, minne! Kesho anaanza. Imas nitamwambia daktari ndiye kasema.